Nyumba Iliyotoka kwenye Kura

Junda, Kisauni

Mama yangu,

Shikamoo. Goti laendeleaje siku hizi, na Baba bado anakataa dawa? Mimi mwili u mzima, ila moyo haujatulia wiki ya pili sasa, na hapa sina wa kumwambia.

Niliwapeleka wanafunzi wangu wa jiografia mtaani wakahesabu watu wa kila nyumba. Zote hatuziwezi, basi sharti uchague chache zisemee zilizobaki. Wao walitaka za kando ya barabara, uvivu tu. Mwalimu mwenzangu akasema tushike kila nyumba ya tano. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikataka kura: nambari za nyumba kwenye vikaratasi, ndani ya kofia yangu, kila nyumba ipate haki sawa. Na iliyotoka haibadilishwi.

Ikatoka ya Bi Salma. Majirani walituomba tuiruke, mama huyo ana majonzi yake. Nikakataa. Nikawaambia kura ni kura.

Bi Salma alitutandikia mkeka barazani. Mwanafunzi wangu Zuhura akamuuliza nyumba ina wangapi. Akajibu watatu: yeye, mjukuu wake, na mwanawe Kassim. Nikauliza Kassim yuko wapi. Akasema hajarudi bado. Kumbe ni miaka sita tangu aende Uarabuni kutafuta kazi, na simu yake haiingii tena. Basi nikaichukua fomu mkononi mwa Zuhura, nikakata tatu kwa kalamu nyekundu, nikaandika mbili, maana sisi tunahesabu waliolala hapo jana tu. Mbele ya macho yake, Mama.

Aliitazama ile karatasi kitambo. Akasema taratibu, "Mwalimu, mimi kila siku nampakulia. Wewe umemtoa kwa kalamu?"

Nikaikunja fomu, tukaaga. Zuhura alilia njia nzima. Wallahi tangu siku ile kila nikishika kalamu kusahihisha naiona ile mbili. Na nikipita kwake hunisalimu kwa adabu zake zote, hilo ndilo linalonitesa zaidi.

Mama, na mimi huu mwaka wa nne sijakanyaga nyumbani Faza. Kila likizo natoa udhuru, mara mitihani, mara masomo ya ziada. Likizo hii naja, inshallah, tiketi ya basi nimeshakata.

Nisalimie Baba, dada Mwanaisha na wanawe, na ami fundi cherehani.

Ila nijibu kabla sijafika, na unambie kweli. Akija mtu akakuuliza nyumba yako ina wangapi, huwa wasema wangapi?

Mwanao,
Athmani