Matundu ya Hewa Uliyotuachia

Baba,

Huko uliko sijui kama kuna nyumba, lakini kama zipo, natumaini hakuna mtu anayekuja kuzimalizia baada ya wenyewe kuondoka. Mimi hapa Ilembo nimechoka. Nimeamua nikuandikie wewe, maana walio hai hawanisikilizi.

Siku ya msiba wako watu walikaa barazani, wakainua macho, wakaona yale matundu ya hewa uliyoyapanga juu ya ukuta, chini ya bati. Wakanong'onezana kwamba marehemu masikini hakuwahi kumaliza nyumba. Baba mdogo Masanja akasikia. Unamjua mdogo wako, aibu ilimshika kuliko majonzi. Matanga hayajapoa akaja na fundi kutoka kwake Sitalike, wakaziba matundu yote kwa saruji, wakapiga plasta juu ya matofali yako ya udongo wa kushindilia, wakapaka rangi ya waridi. Ya waridi, Baba! "Namheshimisha kaka yangu," alisema, na machozi yakamtoka kweli. Sasa ningemgombezaje?

Wala hajaridhika. Anataka kuvunja ukuta wa magharibi aweke mlango mkubwa unaotazama barabara. Nyumba yenyewe uliilaza makusudi, ubavu mwembamba upande wa jua la jioni lisiichome, majirani wakakucheka kwamba umeipa barabara kisogo. Nimemweleza, akanijibu, "We mtoto, nyumba gani haisalimii watu?" Tenki lako la maji ya mvua limepona, labda kwa sababu limejificha nyuma ya jiko.

Na wewe pia umeniudhi, niseme tu. Ulijua yote haya, na mtu akikuuliza unajibu, "Nyumba lazima ipumue," halafu unaendelea kunywa uji. Ndiyo maelezo hayo? Mimi tu ulinipandisha ngazi siku moja, ukanishika mkono ukauweka kwenye tundu. "Unasikia? Joto linatoka." Mama hukumwonyesha. Mama alijua tu kwamba ndani mwake kuna ubaridi.

Hapo ndipo penye tabu. Chumba chake kilipoanza kuwaka kama tanuri, Mama hakuilaumu saruji. Alisema umeondoka na ubaridi wako. "Nyumba imemfuata mwenyewe," ndiyo kauli yake kwa kila anayekuja kumpa pole. Akawa hali vizuri, halali, akaanza kufunga nguo zake ahamie Sitalike kwa baba mdogo. Nilimweleza habari za matundu mpaka sauti ikakauka. Alinitazama kama anavyowatazama wauza dawa wa mnadani. Nilimwogopea, Baba. Aking'oka hapa atakuwa amekupoteza mara mbili, nami nitabaki na kuta.

Jana alipokwenda kusali jumuiya nikachukua nyundo na tindo, nikazibua matundu ya chumbani kwake. Vumbi likanijaa mpaka masikioni. Nikajiponda kidole, nikakutukana kidogo, unisamehe. Nikafagia, nikaificha nyundo.

Leo Mama kachelewa kuamka. Uso umetulia. Akafungua furushi lake, akazirudisha nguo sandukuni moja moja, hata juu hakutazama.

"Baba yako alipita usiku," akaniambia. "Kanirudishia ubaridi wangu."

Sijui nicheke au nilie. Kazi nifanye mimi, kidole kivimbe changu, sifa upewe wewe uliyelala! Nikafungua kinywa nimwonyeshe ule ukuta. Lakini alikuwa anatabasamu, na tangu tukuzike hajatabasamu. Nikaenda kumchemshia chai.

Basi sifa chukua wewe. Nakuahidi matundu yaliyobaki nitayazibua chumba kwa chumba, na huo mlango wa magharibi hautatobolewa nikiwa hai. Baba mdogo atanifokea. Nitamwambia aende akamuulize Mama nani aliyeagiza.

Pumzika, Baba. Nimekukumbuka mno, na hasira zangu kwako bado hazijaisha.

Binti yako,
Kabula