Wewe Ndiye Uliyenisomea Kile Kitabu

Dada Rukia,

Barua tatu za mwanzo nilizileta mwenyewe mpaka Mtoni, kwenye lango la kijani, na zote tatu Mlezi, kiongozi wenu, alizifungua kabla hazijakufikia. Najua, kwa sababu nimeishi nyuma ya lango hilo miaka minne, na kazi yangu ya kwanza humo ilikuwa kumpelekea yeye barua za wenzangu. Hii ya nne naiandika hadharani. Asome na yeye akitaka. Huenda msomaji mmoja akakutana nawe sokoni akakwambia ilivyosema.

Unaikumbuka ile ngazi ya nyumba yetu ya Mkunazini? Tukitoka chuo cha Kurani tukikaa kwenye kipandio cha tatu, mwanga ukitushukia kutoka darini, mama bado yuko Mlandege anauza kanga. Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na sita. Mwenzake mama wa duka la jirani alifungua robota la mitumba akakuta ndani yake kitabu kinene cha Kiingereza, jalada limeng'oka, akampa mama akupe wewe msomi. Ukawa unasoma kimoyomoyo na kunisimulia kwa Kiswahili, hata leo sijui maneno yapi yalikuwa ya mwandishi na yapi yalikuwa yako.

Kilihusu mji wenye ukuta mrefu. Kila aliyeingia alipewa jina jipya na mfalme, akakatazwa kulitaja la zamani. Kila nyumba ilikuwa na ndege wa kijivu aliyesikiliza mazungumzo ya wenye nyumba, kisha akaruka kwenda kumweleza mfalme. Na lango la mji halikuwa na kufuli.

"Sasa mbona hawatoki?" nilikuuliza.

"Wameambiwa nje hakuna hewa. Ukitoka tu unakufa."

"Wajinga hao."

"Si wajinga," ulinijibu. "Ukiambiwa jambo kila siku na watu unaowapenda, utaliamini tu."

Ulikuwa na miaka kumi na sita na ulishalijua hilo. Ndilo linalonikereketa mpaka leo. Ungekuwa hukuwahi kusoma, ningekuhurumia tu.

Sisemi walikukamata kirahisi. Ulikuwa umemzika mwanao wa kwanza hata hajapata jina, na shemeji akakupa talaka kabla hujamaliza arubaini. Mimi na mama hatukujua la kukwambia, tukawa tunanyamaza mbele yako kama wageni. Wao walijua. Wanawake watatu waliovaa shungi nyeupe walikuja kila siku, wakakupikia uji, wakakuosha nywele, wakalia pamoja nawe. Mwezi mzima hawakutaja dini wala mtu. Walipomtaja Mlezi, tayari walikuwa ndugu zako kuliko sisi. Mashekhe wa mjini walionya kuwa mafundisho ya yule bwana kayatunga mwenyewe. Ukasema wanamwonea wivu.

Siku uliyohamia kwao ulifungua kasha letu, ukakitoa kile kitabu ukakichana kurasa kwa kurasa. Mlezi alikuwa amekufundisha kuwa hadithi za kubuni ni mlango wa shetani. Nililia. Ukanambia nitakuja kukushukuru.

Miaka miwili baadaye nikakufuata. Nilikuwa na hamu na wewe, dada, hakuna sababu nyengine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ningeingia hata shimoni kama uko wewe. Mlezi akaniwekea mkono kichwani akanipa jina jipya, na wewe ulisimama pembeni unatabasamu. Nilikutazama nikingoja ukumbuke kitu. Hukukumbuka, au ulijizuia.

Kwenda kumwona mama kulitaka ruhusa. Kujibu simu kulitaka ruhusa. Kila Alkhamisi tulikaa chini tukaandika kwenye karatasi makosa yetu, na chini yake makosa tuliyoyasikia kwa wenzetu. Mimi pia niliandika. Nilimwandika mwanamke aliyelia kwa kumkumbuka mwanawe aliyemwacha nje ya lango, akanyimwa kumwona mwaka mzima. Sijidai kuwa nina mikono safi. Kila nikipita mahali na kumwona mwanamke wa umri wake, nageuza uso.

Kisha ikaja ile siku. Tulikuwa uani tunachagua mchele, Mlezi akasimama kutuusia. Kijana mmoja alikuwa ametoroka juzi yake. Akasema, kwa ile sauti yake ya upole, "Nje ya ukuta huu hakuna hewa, wanangu. Huyo mtamsikia keshakufa."

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu. Watu wote wakanigeukia isipokuwa wewe. Wewe uliinamia ungo wako, ukauma mdomo wa chini kama ulivyokuwa ukifanya udogoni mama akikugundua. Nikajua unajua. Katika watu sitini waliokuwa pale, wawili tu tulikuwa tumeshawahi kuisikia sentensi ile, na mmoja ndiye aliyemsomea mwenzake.

Jioni tulipokuwa tunaanua nguo nilikusogelea. "Dada, hii si ile hadithi yetu? Majina mapya, ndege, lango lisilo na kufuli. Tutoke. Tutoke sote wawili kesho."

"Nyamaza."

"Lakini umekumbuka."

"Nimekumbuka," ulisema. "Ile ilikuwa hadithi. Huku ndiko kwetu."

Alkhamisi ile Mlezi aliyasoma maneno yangu mbele ya wote, neno kwa neno, mpaka "sote wawili". Alisoma kwenye karatasi, na hati niliitambua. Ni hati iliyonifundisha kuandika alifu na bee.

Nilihukumiwa siku arubaini za kutosemeshwa. Nilipotoa salamu, hakuna aliyeitikia. Mtoto akinikimbilia, mama yake akimvuta. Hayo niliyavumilia. Sikuvumilia wewe kuniruka kizingitini nikiwa nafagia, kama anayeruka maji machafu. Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, niliuacha ufagio ukutani nikaenda langoni nikalisukuma. Likafunguka. Hakuna aliyenikimbiza. Nilisimama kando ya barabara ya Bububu nikivuta pumzi kama mwendawazimu, nikijipima kama bado niko hai.

Nilikwenda nyumbani kwa mama. Alinambia, "Nshapika, kaa ule," halafu akakaa kunitazama nikila.

Alipougua nilikuja kukwambia. Ulitoka na mwanamke mwengine kasimama bega kwa bega nawe, akisikiliza. Nikasema mama anakutaka, hana siku nyingi. Ulimtazama yule mwanamke kabla hujanijibu. Miaka thelathini na moja uliyokuwa nayo, unaomba ruhusa kwa macho.

"Mwambie namwombea," ulisema.

Nilimwambia. Akauliza, "Kasema lini atakuja?" Nikadanganya, nikasema Ijumaa. Ijumaa ilimkuta keshazikwa. Siku ya hitima kilikuja kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa na wewe: *Amefia nje.*

Nje ya nini, Rukia? Mama aliyetufundisha Alhamdu tukiwa hatujajua kufunga vifungo vya nguo, aliyefunga Ramadhani na homa yake, amefia nje ya kitu gani? Kikaratasi kile nilikichana. Nikajiona nimekaa chini nachana karatasi vipande vipande kama wewe siku ile, nikaogopa.

Watu hunambia niwe na subira, damu nzito kuliko maji. Nimechoka na maneno hayo. Sijakusamehe. Natia udhu, nasimama, nasali, na nikifika kwenye dua ulimi unagoma kukutaja. Sijui kama hiyo ni dhambi. Mashekhe wawili nimewauliza, wamenijibu tofauti.

Mwezi uliopita nilikuona Mlandege, mbele ya lililokuwa duka la mama. Mlikuwa wanne, mnachagua vitambaa vya bafta nyeupe. Umekonda. Ulimshika mkono mtoto wa kike, kama miaka minne hivi, na sikuwa na habari kuwa umezaa. Ana paji la mama, lile pana. Nilisimama hatua tatu tu kutoka kwenu. Mtoto akanitazama, kisha akakuvuta nguo.

"Mama, yule nani?"

Ulinitazama machoni. Nilitegemea utanyamaza, hilo ningelielewa.

"Mpita njia tu," ulimwambia.

Ameambiwa uwongo na mtu anayempenda, kwa hiyo ataamini. Atakua akijua kuwa mama yake hana kwao. Siwezi kuingia humo kumtoa, na wewe nshakuomba mara ya mwisho. Barua hii naiacha kwa ajili yake. Siku moja atajua kusoma. Akiikuta, popote itakapokuwa, ajue kuwa bibi yake aliitwa Bi Salama, kwamba nyumba ya Mkunazini bado naishi humo, na kwamba yule mwanamke aliyemwona Mlandege hakuwa mpita njia.

Kwa heri, dada. Sikutakii mabaya. Mema nayo bado siyawezi.

Mdogo wako,
na mama mdogo wa mwanao, khaleti wake