Marejea Yangu Yameng'olewa

Jumatano, Novemba 1961

Na ugali nimewasongea, wakala wakashiba, nikawashukuru!

Mama mkwe ndiye aliyewaita walimaji na ngoma zao za kulimia nikiwa sokoni, ili wanisaidie. Wameng'oa marejea yangu yote, mimea niliyoipanda kutibu udongo, wakidhani ni magugu, wakayachoma.

Msimu uliopita nyanya zilikufa pale, mizizi imejaa vinundu. Bwana shamba akaniambia nipande marejea, maana minyoo ya udongoni inayoleta vinundu hivyo ikiingia kwenye mizizi yake haizai tena. Sasa itazaa inavyotaka.

"Umeona, mwanangu? Shamba lako lilikuwa linamezwa na pori," mama mkwe alisema, mikono imejaa majivu, anacheka kwa furaha. Nikamletea maji anawe.

Miche mipya ya nyanya imeshakua, na shamba jingine sina. Kesho mama atakuja kunisaidia kuipanda palepale.