Maksai wa Baba Mdogo

Kijiji cha Nyegina,
Musoma.
24 Machi, 1985

Mpendwa Kaka Bernado,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Dar es Salaam? Na wifi Getruda je, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mzima, ila mikono imeota sugu na mgongo unauma kila asubuhi. Mvua imeshika vizuri.

Barua yako nimeipata. Nimekasirika, na sitaki kuficha. Umenitafutia kazi ya kupiga taipu katika ofisi nyingine, ahsante. Lakini nani alikutuma umwandikie baba mdogo Magige kwamba nitarudi mjini baada ya Pasaka, kwa hiyo shamba la mama achungie ng'ombe wake? Unajua wazi kwamba likishageuka malisho sitalipata tena. Wewe una nyumba na kazi. Mimi nina shamba hilo tu.

Naye hata Pasaka hakuingoja. Jumatatu asubuhi nilikuta ng'ombe wake wamejaa shambani, wanatafuna mihogo yangu michanga. Nililia, kaka. Halafu nikawaona kati yao maksai wake wawili wa kulimia, wameshiba, wamesimama tu. Nikasema hawa leo watanilipa. Nikamwita jirani yangu Boke, yule mjane mwenye plau. Tukawafunga nira, tukaingia kwenye kile kipande nilichokosa ng'ombe wa kukilima. Boke alitangulia na fimbo, mimi nikashika plau. Unajua wanavyosema huku, eti mwanamke hashiki plau. Basi nimeshika!

Baba mdogo alifika jua limeshapanda, anafoka, bakora mkononi. Akasimama pembeni akatazama.

"Sasa hii mistari mbona imeenda upogo? Wewe si ulikuwaga karani? Nani amekufundisha?"

Nikamjibu ni yeye, maana nilipokuwa mtoto nilikuwaga namfuata nyuma nikidondosha mbegu. Akawaswaga wale ng'ombe wengine, maksai akatuachia mpaka tulipomaliza. Wiki nzima Nyegina hawana habari nyingine.

Tena usiwaambie watu kwamba nimepotea. Sikukamatwa na kurudishwa kijijini kama mzururaji; kazi niliiacha mwenyewe. Nyinyi mnapanga foleni kutwa kungoja unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, mimi nakula ugali wa muhogo na sato wa hapa ziwani. Sabuni ndiyo hatuna, hilo nakubali. Wifi akipata kipande anikumbuke.

Nafasi ya ofisini mpe mwingine. Msalimie wifi, na mwanao Alfonsi mwambie shangazi anampandia mahindi ya kuchoma. Boke anawasalimu. Mungu awalinde na awape riziki hata huko kwenye foleni.

Na ukimwandikia tena baba mdogo, usimwambie narudi. Mwambie mvua za vuli zikianza awalete tena maksai wake, ila safari hii waje wameshashiba.

Mdogo wako anayekupenda hata akinuna,
Marcelina