Wimbo Uliomwamsha Mtoto

Fundi mitambo wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkate nimeufunika kwa sahani. Mvua ikianza, anua nguo, usijifanye husikii.

Nimetoka na mtoto wa dada yako mgongoni, namzungusha mtaani maana amegoma kulala. Asubuhi ulipompigia ule wimbo wangu wa kubembeleza ulionirekodi alishasinzia, uliona mwenyewe. Ukafika mwisho, pale ninaponong'ona, nikasikia sauti yangu inanguruma kama ya mpiga debe! Mtoto akaruka.

Ukasema, "Bibi, kompresa inabana sauti kubwa, limita inazuia zisipasuke, halafu nimepandisha zote zilingane. Redioni ndivyo wanavyotaka." Nikakujibu umeniharibia wimbo. Ukajifungia chumbani. Sikupaswa kusema vile, na tangu hapo sijatulia.

~~Usiutume kabisa.~~ Utume. Saa sita ndiyo mwisho wa redio kupokea nyimbo, na nafasi hiyo umeihangaikia mwaka mzima. Ila legeza hiyo mitambo pale mwishoni. Sipunguzi sauti kwa kuchoka. Napunguza kwa sababu mtoto ameshalala. Mama yako nilimwimbia hivyo, na wewe pia. Hata ile pumzi ya mwisho wa wimbo unayotaka kuikata ni mimi nainuka kitandani polepole, nisiamshe mtu.

Tutarudi saa tano. Usinipigie mimi huo wimbo, mpigie mtoto, mpaka mwisho. Asiposhtuka, tuma.

Bibi yako
(sukari usimalize)