Somo Yako Amevuka Ruvuma

Lionja, Nachingwea

Baba,

Sheikh wetu anasema ukipita makaburini usipite kimya, toa salamu, maana waliolala mle wanasikia kuliko tunavyodhani. Basi pokea salamu zangu hata kama leo sipo makaburini. Ni mimi Zainabu, uliyeniita "mama" tangu sijaota meno kwa sababu nilirithi jina la mama yako. Nimekaa juu ya gunia la ufuta nyumbani kwangu, mikono ina vumbi, kwa hiyo mwandiko usiuseme. Uliwahi kuniambia mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu. Leo utausoma hivyohivyo.

Kwanza habari za Nanganga, najua ndizo unazozitaka. Meza yako bado ipo pale njia panda. Zile chupa za maji ulizokuwa ukijazia petroli nilizitoa zote, na meza nikampa mtani wako Bi Zuhura aanikie maandazi yake. Usikasirike. Miaka yote mlikaa jirani, yeye na moto wake, wewe na petroli yako, na kila asubuhi anakupigia kelele, "Sogea huko Mmwera we, utatulipua!" Nawe unamjibu, "Mmakonde hafi kwa moto, hufa kwa mdomo." Sasa anakaanga maandazi peke yake na hana wa kumtukana. Ameniambia mwenyewe kwamba utani usiojibiwa unamkaa kooni.

Vijana wa bodaboda nao wamekukumbuka. Juzi petroli imepanda tena, wanasema kuna vita huko mbali kwenye nchi za visima vya mafuta. Mmoja wao akasimama mbele ya meza yenye maandazi, akatikisa kichwa, akasema, "Dada, mzee angekuwepo leo tungesomeshwa mpaka adhuhuri." Wenzake wakacheka. Nami nikageuka nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Walikuwa wanalalamika, hao. "Mzee, leo tupe shule fupi, nna abiria!" Wewe huna habari. Umeshika chupa juu, jua linapita katikati ya petroli, unawauliza, "Mnaona nini humu?" Wao wanasema petroli. Wewe unasema, "Humu mna askari. Kila chupa ina askari wake, kapiga magoti jangwani, hajui nani kamtuma." Halafu ndiyo unamimina. Hukuwa msomi, na hukujifanya msomi. Mambo mengine ulikosea kabisa, na jina la nchi uliweza kulipeleka bara lisilo lake bila aibu. Lakini lile moja ulilishika kwa meno. Ulisema mataifa makubwa hayapeleki jeshi penye kilio, yanapeleka penye kisima.

Nakushukuru, Baba, kwamba hukunifukuza kwenye mazungumzo hayo. Wanaume wamekaa kwenye benchi wanabishana habari za dunia, na mimi msichana nimesimama na ndoo kichwani. Wewe unawakata wote: "Ngojeni kwanza. Mama, wewe unasemaje?" Mara ya kwanza sikusema chochote. Mara ya pili nikasema upuuzi. Hukucheka, na ulimkemea aliyecheka. Ule ugumu wa kusema mbele za watu, ambao wenzangu wanao mpaka leo, mimi uliuondoa ningali mdogo, na sidhani kama nilikwambia hata mara moja kwamba nimeona.

Nakushukuru hata kwa harufu ya petroli. Siku ya Idi unavaa kanzu iliyofuliwa mara tatu, bado inanukia. Mama alikuwa anaona haya. Mimi nilikuwa napenda kuswali karibu na mlango, ili ukitoka nikufuate nyuma na ile harufu yako.

Sasa nikwambie lililonikalisha kwenye gunia hili.

Unakumbuka ulivyozikwa? Hapana, hukumbuki, mimi ndiye ninayekumbuka. Watu wamebeba jeneza, wanatoka uani kuelekea kaburini, akajitokeza Bi Zuhura na chupa tupu ya petroli mkononi. Akalala njiani, kanga imejaa vumbi. "Hazikwi huyu mpaka amalize darasa la leo!" Watu walicheka, Baba, waliokuwa wanalia walicheka. Akainuka, akaishika ile chupa juu kama wewe, akakohoa kama wewe, akauliza, "Mnaona nini humu?" Kulikuwa na wageni kutoka Chinongwe wasioujua utani wetu, wakashangaa. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, nimekauka tangu asubuhi, sina hata chozi. Nilipoisikia sauti yako kwenye kinywa cha mtani, ndipo nilipolia. Nilimshukuru siku ile na namshukuru mpaka leo.

Basi arobaini yako ilipofika, mwanangu Hamisi alikuja. Mjukuu wako, somo yako, uliyempa jina lako na miguu yako mikubwa. Alipewa ruhusa jeshini, akaja na begi la kijani na buti zinazong'aa. Tulisoma hitima, tukala wali, wageni wakaondoka. Hapo ndipo aliposema, huku akiangalia mkeka, "Mama, wiki ijayo tunavuka. Msumbiji, kule Kabo Delgado."

Kule kwenye gesi.

Sisi watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa kuna nini kule. Tumewapokea wanaotoka kule. Dada yake Bi Zuhura alikuja amebeba sufuria moja na mtoto mmoja, nyumba imeungua, mume hajulikani alipo, akalala ukumbini kwa mdogo wake msimu mzima wa mvua. Wewe mwenyewe ulimpelekea godoro.

Na wewe mwenyewe ndiye uliyebishana na Bi Zuhura juu ya habari hiyo, ubishi ambao hautanitoka. Nilikuwepo, nimekuja kukuletea mihogo. Ulimwambia, "Watu wako walichinjwa miaka, hakuna taifa kubwa lililosikia. Gesi ilipotikiswa, ghafla dunia nzima ikapata masikio." Bi Zuhura aliacha kukaanga. Akaweka mwiko chini. Akasema, "Na mimi nasema ahsante gesi. Bila gesi dada yangu asingerudi kupanda muhogo wake. Ibarikiwe gesi. Wewe jirani yangu, ulitaka wasije?" Ulimimina petroli nje ya tangi la kijana wa watu mpaka akakushika mkono.

Kesho yake ulirudi na maneno, kama kawaida yako. Ukamwambia vita vinawashwa na mengi, dhuluma, njaa, dini ikishikwa na wasioijua, vijana wasio na kazi. Mafuta hayawashi kila moto. "Ila mafuta ndiyo yanayoamua nani analetewa maji mapema, na nani anaachwa aungue." Bi Zuhura akakukumbusha hapa kwetu Nachingwea. Wapigania uhuru wa Msumbiji walipokuwa na kambi yao, bibi yangu alitwanga mihogo kwa ajili yao, na hapakuwa na gesi wala bomba wala kisima. "Sasa nyie mlitusaidia kwa lipi?" Ukacheka, ukasema hilo lilikuwa suala la watu na watu, na kwamba wewe hukuwahi kusema watu hawana huruma. Ulisema serikali zenye nguvu ndizo zinazopima huruma kwa pipa.

Maneno hayo yalikuwa matamu nikiyasikiliza nikiwa nimekaa kwenye benchi. Siku ya arobaini yalinichoma. Maana Hamisi alinisogelea, akapiga magoti, akasema, "Mama, naomba radhi zako." Na mimi sikuweza. Mkono haukunyanyuka. Nilikuona wewe umeshika chupa. Nikajisemea, humu sasa mna Hamisi.

Alingoja. Halafu akainuka taratibu, akasema atakwenda kuswali, nitafakari. Mtoto ana adabu kuliko nilivyomlea. Alipotoka kuvaa buti, buti hazipo.

Bi Zuhura alikuwa amezikalia. Amekaa uani, kanga amezifunika, ametulia kama hakuna jambo. Hamisi akasema, "Bibi, naomba viatu." Yule mama akamwangalia juu mpaka chini. "Sitoi. Babu yako nilimuuliza kama alitaka wasije, kafa na deni la jibu, wewe ndiye somo yake, utalilipa. Unakwenda kulinda bomba la wazungu, au unakwenda kumlinda dada yangu?"

Wote tuliokuwepo tulishusha macho. Lile ndilo swali nililokuwa nalo mdomoni, Baba, na mimi mama mtu nilishindwa kulitoa. Mkwe wangu angeuliza, ingekuwa ugomvi. Mwenyekiti angeuliza, Hamisi angejibu kijeshi. Mtani akiuliza hukasiriki, na huruhusiwi kukwepa. Nakushukuru kwa kunilea kwenye watu wenye desturi hii.

Hamisi alisimama na soksi zake. Akasema, "Bibi, sijui. Sitaki kukudanganya. Aliyenituma anajua anachonitumia. Mimi nimepewa amri nilinde watu, na nikifika watakaokuwa mbele yangu ni watu. Bomba sijawahi hata kuliona." Kisha akaongeza, "Nielekeze kijiji cha dada yako."

Bi Zuhura hakujibu kitu cha utani. Alizitoa buti, akazifuta kwa pindo la kanga, akaanza kumwelekeza, mto upo wapi, mwembe uliokatwa upo wapi, na katikati ya maelekezo sauti ikamkatika. Sijawahi kumwona mtani analia kwenye zamu yake ya utani.

Ndipo nilipoingia ndani, nikachota unga wa mtama, nikachanganya na maji, nikampaka mwanangu kwenye paji la uso, kama bibi alivyokuwa akiwapaka wanaosafiri mbali. Nikamwambia, "Radhi zangu zote unazo." Sikumpa kwa ajili ya gesi. Wala sikumpa kwa sababu nimewaamini wakubwa, siwaamini, umenilea vibaya. Nilimpa kwa sababu amesema hajui. Mtu aliyepelekwa vitani na bado anasema hajui, huyo atatazama kabla ya kufyatua.

Amevuka, Baba. Amenipigia simu mara moja. Mtandao unakatika, nasikia nusu nusu. Anasema anakula ugali wa muhogo, kwa hiyo hajafika ugenini. Anasema watoto wanamsalimia kwa Kimakonde na yeye anawajibu kwa Kimwera na wanaelewana. Anasema kuna askari wa mataifa mbalimbali, wengine kambi zao zipo karibu na uzio wa kampuni ya gesi, wao wapo karibu na kisima cha kijiji. Nilitaka kuuliza zaidi. Simu ikakata. Kwa dada yake Bi Zuhura hajafika, njia ya magari ya kwenda kijiji kile bado haijafunguliwa. Kwa nini haijafunguliwa wakati ile ya kule kwenye uzio imefunguliwa, hilo sikulipatia jibu. Nilijua wewe ungelijibu papo hapo, na nikafurahi kidogo kwamba hupo kulijibu. Nisamehe kwa furaha hiyo.

Nimekuandikia kukushukuru, kwa sababu uhai wako wote sikukushukuru ipasavyo. Ulinipa ubishi kama wengine wanavyowapa binti zao dhahabu. Mwezi ujao diwani anakuja na wageni wake kuitisha mkutano hapa Lionja. Nakuahidi nitasimama. Nitauliza vijana wetu wanalinda nini kule, wanarudi lini, na ile njia ya kijiji inafunguliwa lini. Nitauliza kwa adabu, na wakinijibu vibaya nitauliza tena bila adabu.

Lala salama, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako, akutie nuru, na Bi Zuhura anasema akupe na jirani mwenye mdomo mfupi.

Mengi uliyoyasema kuhusu dunia yametokea kuwa kweli, na nilijivuna kila yalipotokea. Kwenye hili la vita na visima sitaki kujivuna. Kila nikimaliza swala namwombea Hamisi, halafu nakuombea wewe: ya Rabi, mfanye baba yangu awe amekosea.

Mwanao,
Zainabu