Baba Kaniweka Mbele

Mama,

Maharage yako jikoni, yamebakiza chumvi tu. Kuku nimewafungulia. Tumeondoka kwenda Mlima Oldeani kama tulivyopanga. ~~Usituwekee chakula.~~ Tuwekee ugali.

Sasa nisaidie, maana nimevurugika. Ulipokuwa misa ya kwanza, Baba alikuwa anafunga kamba za viatu, akasema, "Leo utaongoza wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako, kaka yako Silvanus atakaa mwisho."

Silvanus akacheka. "Basi kileleni tutafika Pasaka."

Mimi nikavimba kichwa. Miaka yote nimedai kutangulia, na Baba hujibu kwamba kinachopanda ni mdomo wangu, miguu bado.

Kisha nikakumbuka. Baba mwenyewe, tangu enzi zake za kupandisha wageni, ametufundisha kwamba nyuma ya kiongozi huwekwa aliye dhaifu kuliko wote, ili mwendo umfuate yeye. Hapo ndipo alipojiweka leo.

Nikamuuliza, "Baba, u mzima kweli?"

Akanijibu, "Beba maji."

Sijui nimepewa heshima au mzigo. Kama unajua lolote kuhusu kifua chake, nipigie kabla hatujapita geti la hifadhi. Huko mbele mtandao haupo.

Usipopiga, ~~nitamfikisha kileleni~~ nitatembea taratibu, na nikisikia pumzi yake imebadilika, nitasema miguu yangu ndiyo iliyochoka. Silvanus acheke tu.

Mwanao mwenye mdomo,
Paskalina